Magauni Mawili ya Kitambaa Kimoja

Mie ni mfupi. Si ule ufupi wa kusema "yule dada mfupi mfupi," hapana. Ufupi wangu ni wa kuulizwa mama yako yuko wapi. Nimeolewa, nimezaa, nina miaka thelathini na ushee, lakini nikienda Uhindini kutafuta gauni, mwenye duka ananichungulia juu ya meza yake anasema, "Mtoto, mwambie mama yako aje mwenyewe." Nafunua buibui anione uso, namjibu, "Mama yangu yuko kaburini Mbwamaji. Ukimtaka mfuate huko." Basi siuziwi siku hiyo, narudi Temeke na miguu yangu.

Mdomo nilikuwaga nao, sikatai. Siku hizo Mwingereza ndiyo kwanza anatupimia viwanja Temeke, watu bado wachache, kila mtu anamjua mwenzake, na mie walinijua kwa hilo. "Mwanaheri, kimo kibaba, mdomo pishi," ndivyo walivyonisema, na walinisema nikiwa mbali.

Lakini nguo ndizo zilizonitesa. Magauni ya wanawake ya dukani yananimeza, bega linanifika kwenye kiwiko. Ya watoto yananienea bega na urefu, ila watoto hawana kifua na mie ninacho, tena mtu mzima utakwendaje msibani na kola ya duara na utepe umefungwa nyuma? Kanga ndiyo afadhali, lakini nayo naikunja kiunoni mikunjo minne nisiikanyage, tumbo linatuna, watu wananipa hongera ya mimba. Niliokuwa nikiwajibu hawakurudia tena.

Ndipo Mungu akanipa Tabu. Sisemi siku ya kumzaa, siku hiyo alikuwa kama watoto wote. Nasema alipofika miaka kumi na mbili. Bega lake likawa bega langu, kiuno chake kiuno changu, na kifua kikaanza kumjia. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikapata mtu wa saizi yangu, na mtu mwenyewe nimemzaa mie! Tukaweka nguo zetu kwenye sanduku moja. Anayeamka kwanza anavaa alipendalo. Nikipata kitambaa namtuma yeye peke yake kwa fundi Kasimiri, yule Mngoni mwenye cherehani kibarazani karibu na soko, namwambia, "Akupime wewe, akate mawili." Mwaka mzima na zaidi fundi hakunitia futi mwilini, na nguo zikanikaa kuliko zilivyopata kunikaa.

Tabu alikufa kumi la kwanza la Ramadhani, kwa homa, siku ya nne. Alikuwa na miaka kumi na tatu. Nalisema hivi hivi kwa sababu sijui kulisema vingine.

Watu walingoja nilie. Sikulia. Wakaniambia nina subira, wakanisifu, wengine wakanitolea mfano kwa binti zao. Subira gani, jamani? Ilikuwa ganzi. Ile ya mguu ukiukalia, ukiugusa unauona wa mtu mwingine. Mie ilinishika mwili mzima, na mdomo ndio ulioanza. Mume wangu Bakari akirudi gatini kupakua mizigo anakaa ukuta ule, mie ukuta huu. "Mama Tabu, sema lolote," ananiambia. "Hata nitukane." Nikatafuta tusi ndani yangu sikuliona.

Kitu kimoja tu nilikuwa nakitaka. Kwetu sie, hitima ya arobaini ikishasomwa, nguo za marehemu hugawiwa, zote, zisibaki ndani. Msimamizi alikuwa wifi yangu Hija, dada mkubwa wa Bakari, mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti, na likija jambo la mila hana mchezo. "Nguo ya maiti haikai nyumbani," husema. "Mwenyewe hatulii huko aliko." Mie nikataka nguo moja ya Tabu ibaki. Moja tu. Wala si ya kuiweka na kuiangalia, la, ya kuivaa.

Nikaona njia. Kulikuwa na gauni la buluu, Tabu alilipenda mpaka likachanika kwapani, akalishona mwenyewe kwa uzi mweusi. Nani angejua ni lake? Nguo zetu zote kipimo kimoja, sanduku moja. Wakiniuliza hili lako au lake, nitasema langu. Nitalivaa mbele yao wote, mchana kweupe, Tabu atakuwa mwilini mwangu na hakuna wa kunivua.

Siku ya arobaini ikafika. Baada ya kisomo na wali, wanaume wakatawanyika, wanawake tukabaki ukumbini. Sanduku likaletwa katikati. Nimekaa mkekani, jibu langu liko tayari mdomoni, nangoja kuulizwa.

Hija akatoa gauni la kwanza, akalikunjua, akalitazama juu mpaka chini. "La mtoto," akasema, akampa mwanamke mmoja mwenye mabinti. Akatoa la pili. "La mtoto." Akatoa la tatu. Yote madogo, na kwa Hija nguo ndogo ni ya mtoto, hakuna la kuuliza. Asingeweza kufikiri kwamba mtu mzima mwenye mume anaingia mle. Likatoka gauni langu la kuendea msibani, likaenda. Likatoka la zambarau, lile nililovaa siku ninaolewa, akapewa Hamisa wa nyumba ya pili ampelekee binti yake wa miaka kumi. Nikajiambia, Mwanaheri, sema, hilo lako. Ulimi haukunyanyuka. Nilikuwa natazama tu, kama natazama nguo za watu wengine zinavyogawiwa nyumbani kwa watu wengine.

Likafika la buluu. Hija akalisimamisha kidogo, akaona ule uzi mweusi kwapani. Akanigeukia. "Wifi, hili tumpe nani?"

Hakuuliza la nani. Aliuliza tumpe nani, na mie jibu nililokuwa nimeliandaa halikuwa la swali hilo.

"Yeyote," nikasema.

Sanduku likabaki tupu, wakalipangusa ndani kwa kitambaa, wakalirudisha chumbani. Tazama mambo! Mie nilitaka kuliiba moja la Tabu liwe langu, wao wakachukua yangu yote yakawa ya Tabu. Nikabaki na gauni la mwilini na doti mbili za kanga. Siku nyingine ningecheka mpaka nishike mbavu.

Siku ya nne Bakari akaniuliza, "Mama Tabu, mbona hubadilishi nguo?"

"Sina ya kubadilisha."

Akadhani ni maneno ya msiba. Akaenda akafungua sanduku, akasimama palepale, kisha akavaa kofia akatoka. Haukupita muda Hija huyo, anahema, mkono kichwani.

"Wifi! Mie nimefanya nini, jamani! Mbona hukusema? Wewe, na mdomo wako wote ule!"

"Nilikuwa nimekaa tu."

"Niende nikaziombe? Wataelewa. Nitawaambia nimekosea, nitapiga magoti."

"Sadaka hairudi, wifi."

Niliyesema hivyo ni mie, si yeye. Wala haikuwa imani, sina imani ya namna hiyo. Niliona tu uzito wa kuzitazama zikija moja moja mlangoni. Hija akalia pale, akalia sana, na mie nikampigapiga mgongoni kama yeye ndiye mfiwa. Mkono wangu uliujua mgongo ule ni wa mtu anayelia, basi, zaidi ya hapo haukujua kitu.

Kesho yake akaniletea gauni lake. Niliingia mle, na nafasi ya mgeni ikabaki. Bakari aliniona akataka kucheka, akajizuia, akatoka nje. Nikalifunga kwa kanga kiunoni lisinidondoke, nikalivaa wiki mbili. Asubuhi moja bombani nikamkuta binti wa Hamisa amevaa gauni langu la zambarau, ndoo kichwani.

"Shikamoo, mama Tabu."

"Marahaba, mwanangu."

Lilimkaa vizuri. Pindo lilimpita kidogo akalikunja. Nilingoja nione moyo utafanya nini, haukufanya lolote. Nikakinga maji yangu nikarudi. Njiani nikafikiri labda nami nilikufa Ramadhani ile, ila waliniacha niendelee kuchota maji.

Jumamosi moja Hija akapita anatoka sokoni, kikapu mkononi, hata hakukaa.

"Fundi Kasimiri kaniita. Anasema ana nguo zenu tangu kabla ya Idi. Aliona haya kuzileta nyumba yenye msiba."

Nilikuwa nimesahau kabisa. Mwezi wa Shaabani nilinunua poplini nyeupe yenye vimaua vyekundu, kitambaa kizuri, nikampa Tabu apeleke. Mawili, marefu ya kufika kwenye fundo la mguu, ya kuvaa Idi.

"Moja lako, moja la marehemu," Hija akaendelea. "La kwake tutalitoa, kuna yatima Keko hana hata la kuendea chuo cha Kurani. La kwako alhamdulillahi, angalau utakuwa na kitu cha kukuenea."

Hapo kitu kikasogea ndani yangu. Kidogo tu, kama mimba inavyocheza mara ya kwanza na hujui ni mtoto au ni upepo. Mawili, kitambaa kimoja, kipimo kimoja, na kipimo chenyewe cha Tabu, kilichopimwa mwilini kwake. Hija achukue atakalo, la kulia au la kushoto. Litakalobaki ni langu na ni lake vilevile, na safari hii hakuna wa kuniuliza swali. Nikavaa buibui langu juu ya lile gauni pana, nikamfuata, na nadhani nilikuwa natembea haraka maana Hija alisema, "Pole pole, wifi, mie mtu mzima."

Fundi Kasimiri alikuwa anashona suruali. Alipotuona akasimamisha cherehani, akainuka.

"Poleni na msiba, mama Tabu."

"Tumeshapoa, fundi."

Akaingia ndani akarudi na furushi la gazeti. Akalifungua mezani. Magauni mawili, yamekunjwa, yamepigwa pasi.

"Lipi la mama na lipi la marehemu?" Hija akauliza.

"Yote sawasawa," nikadakia kabla fundi hajafungua kinywa. "Kipimo kimoja. Chukua lolote, wifi."

Fundi akaishika futi yake iliyoning'inia shingoni, akaanza kuizungusha kidoleni. Hakunitazama. "Yajaribu, mama," akasema. "Pale nyuma ya pazia."

Tukaingia na Hija. Nikavua, nikavaa la kwanza lililonijia mkononi. Bega likakaa mahali pake. Kifua kikaenea. Pindo likasimama kwenye fundo la mguu, pale pale. Hija akanizunguka. "Mashaallah, limekukaa wewe! Basi hili lako, tukunje na lile twende."

"Nijaribu na la pili."

"La nini, si sawasawa?"

"Nijaribu tu."

Nilitaka yote mawili yaguse ngozi yangu kabla moja halijaondoka, basi, hiyo ndiyo sababu. Nikaliingiza kichwani, nikalishusha. Bega likateremka. Mikono ikanifunika vidole. Nikalivuta chini likaendelea kwenda, likafika sakafuni likatandaa. Nikaangalia miguu yangu sikuiona.

"Fundi!" nikaita. "Hili umekosea."

Akasema, ng'ambo ya pazia, "Sijakosea, mama. Hilo la Tabu."

"Tabu na mie kipimo kimoja!"

"Ilikuwa hivyo, mama. Alipoleta hiki kitambaa nikampima, nikakuta amekupita vidole vitatu. Na hapo pindoni na mikononi nimemwachia viwili vingine. Alikuwa bado anakua."

Hija akashika mdomo. Mie nikashika pazia.

"Na langu ulilipimia wapi?"

"Kipimo chake cha zamani ninacho. Ni yeye aliyeniambia. 'La mama kata lile la zamani, fundi, na usimwambie. Mama ana mie tu wa saizi yake.'"

Vidole vitatu. Mtoto niliyelala naye, niliyekula naye, niliyemsuka kichwa kila Ijumaa amekaa chini mbele yangu. Nikamgeukia Hija.

"Wifi, ulijua?"

Akainamisha uso. "Kila mtu alijua, wifi. Magauni yale yalikuwa yanamwishia juu. Alikuwa anajifunga kanga chini chini kuficha."

Ndipo nikaona kitu nilichokuwa nakitazama miezi mingi. Tabu mbele yangu hakusimama wima. Akizungumza na mie anaegemea nguzo ya mlango, goti amelipinda, bega amelishusha. Na mie nilimsema! Nilimsema kila siku ya Mungu: simama sawasawa, mtoto gani mvivu hivi, utaolewa na nani na mgongo huo. Akawa anacheka tu, anajipinda zaidi. Nilimsema mpaka wiki aliyougua.

Hija akakohoa kidogo, kama anayetafuta pa kuanzia. Akaliokota lile fupi. "Basi, wifi. Sasa inajulikana lipi ni lipi. Lako hili hapa. Hilo lingine livue, tulikunje taratibu, tulipeleke kwa mwenye haki yake."

"Hili ndilo langu," nikasema.

"Lipi?"

"Hili nililovaa."

Hija akatazama pindo lililolala sakafuni. Akatazama mikono iliyonifunika vidole. Alikuwa mwanamke asiyejua kudanganya hata kwa mzaha, na anayeamini kwa moyo wake wote kwamba mtoto wa ndugu yake hatatulia kaburini nguo yake ikibaki ndani.

"Wifi, linakuburura."

"Langu."

"Na hili fupi?"

"La marehemu. Si umesema nguo ndogo ni ya mtoto?"

Nilimchoma makusudi, na akachomeka, nikamwona. Akalitazama lile gauni fupi mikononi mwake. Halafu akalikunja mara mbili, akalitia kwenye kikapu chake chini ya mchicha, na akasema kwa sauti, ili fundi asikie na kila aliye kibarazani asikie, "Haya. La Tabu limekwenda kwa yatima wa Keko. La mama yake ni hilo alilolivaa."

Fundi naye, maskini, alitaka kusaidia. "Basi nikupunguzie pindo, mama. Nikikata vidole vitano litakukaa, dakika moja tu." Nikamsikia anaokota mkasi mezani.

"Thubutu!" Sauti ilinitoka nikashtuka mwenyewe. "Thubutu, Kasimiri! Kata uone! Huo mkasi nitautumbukiza chooni, na wewe nitakufuata hukohuko Songea kwenu nikuoneshe adabu! Nani kakuambia ukate? Mtu bado anakua, wewe unakata? Bado anakua!"

Nikasikia nilichosema. Mkasi ukarudishwa mezani polepole, na kile kilichokuwa kimenishika tangu Ramadhani kikaniachia chote kwa pamoja, kuanzia kooni. Nililia nimesimama, nimeshika pazia la fundi cherehani, nalia kwa sauti mpaka watu wa sokoni wakasimama. Hija hakunikumbatia, hakuniambia nyamaza. Alichutama miguuni pangu na mwili wake wote ule, akaliinua pindo kwa mikono miwili, akalishika hivyo mpaka nilipomaliza, lisiguse vumbi.